Mifupa Yetu ni Ghala



Mwalimu mmoja wa sharika za bara ametuuliza neno ambalo, tukilijibu vema, litawafaa wengi. Asema ya kuwa katika mtaa wake wanawake wenye mimba hununua sokoni udongo ule uliofinyangwa mfano wa vijiti, uitwao pemba, nao huutafuna mchana kutwa. Akiwaonya, humjibu ya kwamba mtoto aliye tumboni ataka chokaa ya kujengea mifupa yake, na udongo una chokaa. Mwalimu wetu hakujua awarudishie neno gani. Nasi twakiri kwamba jibu la neno moja halitoshi, maana wanawake wale wamesema nusu ya kweli. Mtoto ataka chokaa, hilo halina shaka. Yatupasa kujua kwanza chokaa hiyo hutoka wapi, na kitu gani kingine huingia pamoja nayo kwa mlango ule ule.

Kwa hiyo mwezi huu tutajifunza habari ya mifupa na madini. Twawaomba wasomaji wavumilie kidogo tukianza mbali. Swali la pemba tutalirudia.

Watu wengi wadhani mfupa ni kitu kikavu kisicho na uhai, kama nguzo ya nyumba. Wadhani hivyo kwa sababu mifupa waionayo ni ya wanyama waliochinjwa zamani, iliyokauka juani. Lakini mfupa ulio ndani ya mwili u hai. Una damu yake, una mishipa yake, tena kila siku hubomolewa na kujengwa. Zimo chembe za namna mbili zifanyazo kazi hiyo: za kwanza hula mfupa uliochakaa, za pili hufuata nyuma na kujenga mpya mahali pale pale. Kwa mtu mzima, kama sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Nguzo ya nyumba haijui kazi hiyo. Ikiliwa na mchwa, imekwisha.

Ukitaka mfano ulio bora kuliko nguzo, tazama nyumba ya miti na udongo. Kwanza mjenzi hufunga fito kwa kamba, kisha hukandika udongo. Fito pasipo udongo huyumba; udongo pasipo fito hupasuka na kuanguka. Mfupa nao ni hivyo. Fito zake ni nyuzi za utomvu mgumu, na udongo wake ni madini. Walimu wa shule waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa gharama ndogo sana. Chukua mfupa wa paja la kuku, uondoe nyama yote, uutie katika siki, uuache siku nne au tano, ukiibadili siki mara moja au mbili. Ukiutoa utaupinda kama mpira, maana siki imeyayeyusha madini, zimebaki fito tupu. Mfupa wa pili uutie motoni mpaka uwe mweupe. Huo fito zake zimeungua, madini yamebaki, nao wavunjika vidoleni kama chaki.

Madini yaliyo mengi kuliko yote katika mfupa ni yale ya chokaa, ambayo wenye elimu huyaita kalsiamu. Mwili wa mtu mzima una kadiri ya kilo moja ya kalsiamu, na katika sehemu mia za kalsiamu hiyo, 99 zimo mifupani na menoni. Sehemu moja iliyobaki imo katika damu na nyama, nayo ijapokuwa ni ndogo, ndiyo inayofanya moyo upige, misuli ijikunje na damu igande mtu akijikata. Mwili hauwezi kuiacha sehemu hiyo ipungue hata kwa saa chache. Basi chakula kisipoleta kalsiamu ya kutosha, mwili haungoji. Huenda mifupani na kuichukua huko.

Hapo ndipo tunapoona kwamba mfupa si nguzo tu, ni ghala pia. Wasomaji waikumbuke habari ya Yusufu huko Misri, katika Mwanzo mlango wa 41: miaka saba ya neema aliweka nafaka, na miaka saba ya njaa akafungua maghala. Mifupa yetu huwekwa akiba tangu utotoni mpaka karibu na umri wa miaka 30. Baada ya hapo akiba haiongezeki, yatunzwa tu au yapungua. Miaka ya njaa ni ya namna nyingi. Mimba ni njaa kwa mifupa ya mama, kunyonyesha ni njaa kuu zaidi, na kwa wanawake kukoma kwa hedhi ni njaa ndefu isiyo na mwisho uliowekwa.

Kalsiamu haifanyi kazi peke yake. Hufungamana na fosforasi, ambayo si metali lakini bila hiyo hakuna mfupa. Magnesiamu imo, zaidi ya nusu ya magnesiamu yote ya mwili yakaa mifupani. Zinki huwasaidia wajenzi, na mtoto aliyeikosa hudumaa. Shaba ndiyo inayokaza kamba za zile fito, na mtoto mchanga aliyepungukiwa nayo aweza kuvunjika mifupa pasipo kuanguka. Chuma tumezoea kukihesabu kuwa ni cha damu tu, kumbe nyuzi za mfupa nazo hazifumwi vizuri pasipo chuma. Haya yote mwili wayataka kidogo kidogo, na mwenye kula maharage, samaki, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa sana huyapata pasipo kuyahesabu.

Walakini tusidhani kwamba kitu kilicho chema kwa uchache ni chema pia kwa wingi. Katika miaka ya 1960 waganga wa Johannesburg waliona wanaume wenye mifupa ya mgongo iliyobonyea kama ya wazee sana. Wengi wao walikuwa wanywaji wa pombe ya kienyeji iliyopikwa na kuchachushwa katika vyombo vya chuma. Uchachu wa pombe uliimenya chuma ya vyombo, wanywaji wakaimeza siku kwa siku miaka mingi, nayo ikarundikana mwilini na kuiteketeza vitamini C. Pasipo vitamini hiyo fito za mfupa hazifungiki. Wale watu hawakula sumu, walikula chuma, kitu ambacho mama mwenye mimba hupewa kliniki kwa vidonge. Tofauti ilikuwa ni kipimo.

Sasa twaja kwa mgeni asiyetakiwa kwa kipimo chochote, naye ni risasi. Tusemapo risasi, vijana hufikiri habari za bunduki, kwa maana zana zake hufanywa kwa madini hayo. Lakini madini yenyewe ni ya kale. Yametajwa katika Hesabu 31:22 pamoja na dhahabu, fedha, shaba, chuma na bati, na katika wimbo wa Musa, Kutoka 15:10, jeshi la Farao lalinganishwa nayo kwa jinsi lilivyozama. Ni mazito, ni laini, huyeyuka upesi hata kwa moto wa mkaa, na kwa sababu hiyo watu wameyapenda tangu zamani.

Ubaya wa risasi ni kwamba, ikiingia mwilini, yafanana na kalsiamu. Mlango wa matumbo unaoipokea kalsiamu huipokea na risasi. Damu huichukua, na wajenzi wa mfupa huikandika ukutani wakidhani ni udongo wao. Kwa mtu mzima, katika sehemu mia za risasi yote iliyo mwilini mwake, zaidi ya 90 zimo mifupani. Kwa mtoto ni kama 70. Risasi iliyo katika damu hupungua nusu yake kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Iliyo mifupani hukaa miaka 10, 20, hata 30. Basi mtu aweza kupimwa damu akaonekana safi, kumbe ghala lake limejaa.

Mtu aweza kusema: kama risasi imefungiwa mfupani, si afadhali? Huko haigusi ubongo wala figo. Neno hili lina kweli kidogo. Lakini risasi iliyo mfupani huwadhoofisha wajenzi wenyewe, hata mfupa wa mtoto haukui kama ipasavyo; tena ghala si kaburi. Siku ile mwili utakapofungua milango kutafuta kalsiamu, risasi itatoka pamoja nayo.

Jambo hili lilithibitishwa kwa njia ya ajabu huko Australia katika miaka ya 1990, na mtaalamu aitwaye Brian Gulson pamoja na wenzake. Twaomba lisomwe polepole, maana ndilo kiini cha somo letu. Risasi ya dunia si ya namna moja. Kila mgodi una risasi yenye chapa yake, yaani uwiano wa chembe zake nzito na zile nyepesi, na mwenye chombo cha kupimia aweza kuitambua risasi kama mfugaji atambuavyo ng'ombe wake katika kundi la watu wengine. Risasi iliyotumiwa zaidi Australia ni ya mgodi wa Broken Hill, nayo chapa yake haifanani na ya risasi ya Ulaya ya Mashariki. Basi Gulson aliwatafuta wanawake waliohamia Australia kutoka nchi hizo za Ulaya, waliokuwa bado hawajapata mimba. Hao walikuwa wameletea nchi mpya risasi ya nchi ya zamani, imo mifupani mwao, nao hawakujua.

Walipopata mimba, damu yao ilipimwa mara kwa mara. Risasi ikaongezeka katika damu, hasa mimba ilipokuwa kubwa, na ikazidi tena baada ya kujifungua, walipokuwa wakinyonyesha. Chapa ilipotazamwa, haikuwa ya Australia peke yake. Ilikuwa imo risasi ya kwao walikotoka. Mama yule hakuila mwaka ule, wala mwaka uliotangulia. Aliimeza nchi nyingine, huenda alipokuwa msichana, kwa vumbi la njia au maji ya bomba au rangi ya dirisha. Ikakaa mifupani mwake kimya, ikangoja mpaka mtoto alipoomba chokaa.

Tufikiri basi habari za miji yetu. Petroli iliyotiwa risasi iliuzwa katika nchi zetu miaka mingi, mpaka Afrika kusini mwa Sahara ilipoiacha mwanzoni mwa 2006. Msichana aliyekulia kando ya barabara kuu kabla ya hapo sasa ni mama, au ni bibi ambaye hedhi yake imekoma. Petroli imebadilika, mifupa yake haijabadilika yote. Na si petroli tu. Huko Kabwe, nchi ya Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wamekutwa na risasi nyingi sana katika damu, kwa sababu vumbi la mgodi lingali katika nyua za nyumba wanamochezea. Karibu zaidi na sisi ni Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi huko mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014 baada ya watu wengi, wakubwa kwa watoto, kuonekana kuwa na risasi. Wakaaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 iliamuliwa walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Shauri likaendelea kwa rufani hata Mahakama ya Juu.

Wala haihitaji kiwanda. Fundi mmoja avunjaye betri nyuma ya nyumba, akayeyusha risasi apate vizito vya nyavu, huitia sumu ardhi ambayo kuku wake na watoto wake wachimbua. Twawajua wavuvi wanaokaza vizito hivyo kwa meno, na waache. Kadhalika sufuria zinazosubuwa mitaani kwa vyuma chakavu, vya mashine na magari vilivyochanganywa, zimepimwa katika nchi kadha za Afrika na nyingine zikaonekana kutoa risasi, hasa kikipikwa humo kitu kichachu kama nyanya au ndimu. Hatusemi kila sufuria ya fundi ni mbaya. Twasema mnunuzi hawezi kujua kwa macho, na kwa vyakula vichachu ni afadhali chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa, au sufuria ya chuma cha pua.

Yako madini mengine ya sumu yasiyoingia sana mfupani, nayo huuharibu mfupa kwa njia ya kuzunguka. Hayo ni kadmiamu. Habari yake ni ya Japani, katika mkoa wa Toyama, kwenye bonde la mto Jinzu. Juu ya mto huo ulikuwako mgodi wa Kamioka, uliochimba zinki na risasi. Na zinki ya ardhini kwa kawaida ina kadmiamu ndani yake. Maji machafu ya mgodi yalishuka mtoni, wakulima wakayafungulia katika majaruba yao ya mpunga, na mpunga ukaivuta kadmiamu. Watu wakala wali wao miaka kwa miaka.

Waliougua walikuwa zaidi wanawake wa makamo na wazee, waliokwisha kuzaa watoto wengi. Walianza na maumivu ya kiuno na miguu, wakatembea kwa kuyumba kama bata, kisha wakavunjika mifupa kwa mambo madogo, hata kwa kukohoa. Mifupa yao ililainika, wakapungua kimo. Kilio chao, itai-itai, maana yake ni yauma, yauma, ndicho kilichokuwa jina la ugonjwa. Mganga wa mahali pale, Noboru Hagino, aliwaangalia tangu baada ya Vita Kuu ya pili. Wengine walisema ni uchovu na chakula duni. Yeye aliwatazama wagonjwa walikaa wapi, akaona wote wakaa mahali maji ya mto ule yanakofika. Na mwaka 1961 akatangaza pamoja na wenzake kwamba sababu ni kadmiamu ya mgodi. Serikali ya Japani ilikubali neno hilo mwaka 1968. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi wamefika 200, na kazi ya kuondoa udongo wa mashamba yale na kuweka mwingine ilichukua zaidi ya miaka 30, ikamalizika mwaka 2012.

Kadmiamu ilifanyaje? Ilikaa katika figo. Figo ndizo bawabu wa ghala: hurudisha kalsiamu na fosforasi zisipotee kwa mkojo, tena ndizo zinazokamilisha vitamini D, ambayo pasipo hiyo kalsiamu ya chakula haipokelewi vizuri. Bawabu alipouawa, akiba ikavuja usiku na mchana. Nasi tusiseme kwamba Japani ni mbali. Mmea wa tumbaku nao waivuta kadmiamu kutoka ardhini na kuiweka katika majani, na mvutaji wa sigara huwa nayo mwilini kama mara mbili ya asiyevuta. Katika sharika zetu tumbaku imesemwa sana kwa ajili ya mapafu na mfuko. Kwa ajili ya mifupa imesemwa haba.

Ndugu zetu wa Meru na Arusha watatuuliza kwa nini hatukutaja fluoridi, nao wana haki, kwa kuwa meno ya kahawia ya watoto wa huko na miguu iliyopinda ya baadhi yao ni ushahidi wanaouona kila siku. Fluoridi si metali; hutoka katika miamba ya volkano na kuingia katika chemchemi na visima, tena imo katika magadi ambayo wengi huyatia katika maharage yaive upesi. Yastahili somo lake. Kwa leo tutaje jambo moja tu, kwa sababu lafanana mno na tuliyokwisha kusema. Huko Ngurdoto wataalamu wamesafisha maji kwa kuyapitisha katika mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa, nayo mifupa hiyo huikamata fluoridi. Mfupa hata umechomwa haujaacha tabia yake ya kupokea kila kinachoupitia.

Turudi sasa kwa udongo wa pemba.

Wataalamu waliouchunguza udongo wa kula unaouzwa katika masoko ya Tanzania wamekuta ndani yake risasi na arseniki pamoja na madini mengine. Si kila kijiti kina kiasi kile kile. Hutegemea kilikochimbwa, na muuzaji mwenyewe hajui. Mama atafunaye vijiti kadha kila siku kwa miezi tisa aongeza risasi juu ya ile iliyo mifupani mwake, wakati ule ule ambao milango ya ghala imefunguliwa kwa ajili ya mtoto. Tena udongo una ubaya wa pili: matumboni hushikamana na chuma na zinki za chakula, zikatoka nje zisiufae mwili. Mwili uliopungukiwa na chuma huwa na njaa ya metali, nao huipokea risasi na kadmiamu kwa wingi kuliko mwili ulioshiba. Hivyo udongo huleta sumu, na papo hapo huufungulia mlango.

Walakini mwalimu asiwakemee wanawake hao. Tamaa ya kula udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu. Anayetamani apelekwe kliniki apimwe damu, apewe vidonge vya chuma na foliki, na aambiwe avimeze kweli asiviweke kabatini. Chai asiinywe pamoja na chakula, maana huizuia chuma. Aingoje saa moja au mbili. Wengine, wakishapata chuma ya kutosha, tamaa ile huwatoka yenyewe.

Na chokaa ya mtoto? Hapa ndipo jibu lilipo, nalo limo jikoni. Dagaa aliwaye mzima pamoja na mifupa yake ni kalsiamu iliyo tayari. Maziwa ni kalsiamu, mabichi yaliyochemshwa au ya mgando. Ulezi, ambao vijana wa siku hizi wauona kuwa chakula cha wazee, una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zote tuzilimazo: gramu mia za unga wake zina zaidi ya miligramu 300, na mahindi hayakaribii hata kidogo. Nafaka ikilowekwa au kuchachushwa kabla ya kupika uji, kalsiamu yake hupokelewa vizuri zaidi, nao ndio uji waliokuwa wakiupika bibi zetu. Ufuta na mboga za majani husaidia. Jua la kila siku mikononi na usoni hufanya vitamini D pasipo gharama.

Kalsiamu ya chakula hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Huujenga mfupa wa mtoto, tena huifunga milango ya ghala la mama, kwa kuwa mwili uliopata kwa mdomo hauna haja ya kubomoa ukuta. Huko Mexico City wanawake wenye mimba walipewa miligramu 1,200 za kalsiamu kila siku, na risasi katika damu yao ikawa pungufu kwa kadiri ya sehemu 11 katika mia kuliko ya wenzao wasiopewa. Si nyingi, lakini ni mwanzo wa maisha ya mtoto, na ubongo wake ndio unaofanywa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2021 limeagiza kwamba mama mwenye mimba aliye na mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika desilita ya damu, naye chakula chake kina kalsiamu haba, aongezewe kalsiamu. Na kila aonekanaye na kiasi hicho, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Hilo la chanzo ndilo kubwa. Hakuna dagaa wa kutosha kumwokoa mtoto anayecheza penye majivu ya betri.

Swali moja limebaki, nalo mwalimu wetu hakuliuliza, lakini twajua litaulizwa mara somo hili likisomwa mbele ya akina mama. Ikiwa risasi hutoka mifupani zaidi wakati wa kunyonyesha, je, mama aliyekula udongo miezi yote ya mimba amnyime mtoto ziwa? Asimnyime. Kiasi kiingiacho katika maziwa ni kidogo sana kuliko kile kilicho katika damu ya mama, na mtoto asiyenyonyeshwa hukabiliwa na kuhara na njaa, hatari zilizo karibu na kubwa zaidi. Tena maji ya kuchanganyia maziwa ya kopo yaweza kuwa na risasi yake. Ila mama akipimwa akaonekana kuwa na risasi nyingi mno, kama wale wa penye viwanda, na afuate neno la mganga. Wengine wote na wanyonyeshe, na nyumbani mwao wawekewe kibakuli cha dagaa na uji wa ulezi kabla ya watu wengine kuandaliwa.